Kuachiwa Huru si Kusema Hakuna Aliyeuawa

"Eti mtu kaua, halafu mahakama inamwachia! Haki iko wapi?" Swali hili nalisikia sana hapa Nyarugusu.

Jamani, jaji hakuwepo usiku ule. Mbele yake ni Jamhuri inayotakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka. Mshtakiwa hadaiwi kuthibitisha kwamba hakuua. Katika uamuzi wa 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilionya juu ya ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho: mwanga ulikuwaje, umbali gani, ulimwona kwa muda gani? Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, na aliyenyongwa hafufuliwi. Mashaka ya namna hiyo nayaheshimu.

Lakini mengine tunayaleta sisi. Shahidi mmoja kapelekwa Marekani, mwingine karudi Burundi, wa tatu anamwogopa jirani. Kuondoka si kosa. Ila aliyeona aandikishe maelezo polisi mapema. Na ninyi wa mashirika, kabla ya kumpandisha mtu basi, muulizeni: kuna kesi inayokusubiri? Tukinyamaza wote, tusimlaumu jaji.