Kunuka, Kunukia

Kuna swali linalojificha ndani ya maneno tunayokutana nayo tukinunua manukato: "hii ni ya kila siku". Nani aliyepanga mtu anapaswa kusikika kiasi gani katika siku ya kawaida?

Chukua mfano unaojulikana. Mwaka 1921, Ernest Beaux alimtengenezea Gabrielle Chanel manukato ya No. 5, mchanganyiko wa asmini, waridi, langilangi na kemikali za maabara. Mwaka 2016, Olivier Polge wa kampuni hiyohiyo akatoa L'Eau, toleo jepesi lililowalenga vijana. Jina kubwa limebaki, sauti imepunguzwa.

Kupunguza kwenyewe si muujiza. Manukato ni mafuta yenye harufu yaliyoyeyushwa kwenye alkoholi. Chupa iliyoandikwa eau de parfum kwa kawaida huwa na mafuta asilimia 15 hadi 20. Eau de toilette huwa chini ya hapo. Wakati mwingine mtengenezaji hupunguza maua mazito na kuongeza harufu ya ndimu au chungwa. Hata ua lina matoleo yake. Langilangi, linalofahamika Unguja na Pemba na kulimwa sana Komoro, hukamuliwa kwa mvuke kwa saa nyingi. Mafuta ya saa za mwanzo ndiyo yenye nguvu ya ua, nayo huenda kwenye manukato ya gharama. Yanayotoka mwishoni mara nyingi huishia kwenye sabuni. Ua ni lilelile, mtambo ni uleule, saa ndizo tofauti.

Wapo wenye hoja nzito ya kutetea wepesi. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu hukumu ya uzuri, aliulalamikia muziki kwa kuulinganisha na leso iliyotiwa manukato: anayeitoa mfukoni anawalazimisha wote walio karibu kuifurahia, watake wasitake. Kiswahili kilikwishauona undugu huo. Sisi tunasikia harufu, kama tunavyosikia ngoma ya jirani.

Aliyewahi kupanda gari la kutoka Morogoro mjini kwenda Mgeta anamwelewa Kant bila kumsoma. Barabara ikianza kupanda milima ya Uluguru, madirisha hufungwa kwa sababu ya vumbi au baridi, na pafyumu ya abiria mmoja inakuwa ya gari zima. Mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Pua huzoea harufu isiyoondoka, hivyo baada ya muda hajisikii tena, anadhani imeisha, anaongeza. Kwa mtazamo huo, toleo jepesi ni adabu iliyowekwa kwenye chupa.

Ningeishia hapo kama si mama yangu mdogo. Anaishi Mgeta, analima kabichi na njegere kwenye mteremko, na anafuga mbuzi wa maziwa. Kila Jumapili hujipaka mafuta ya asmini kutoka kwenye kichupa kidogo, na hapakii kidogo. Binti yake anayefanya kazi Dar es Salaam alimletea pafyumu nyepesi, akamwambia, "Mama, hii ni ya kila siku." Mama mdogo akaifungua, akainusa, akaifunga.

"Mwanangu, kila siku tuna beberu," alisema. "Jumapili ndiyo nataka nisikike."

Tulicheka sote, maana harufu ya beberu haihitaji maelezo. Lakini maneno yale hayajaniacha. Siku sita nguo zake hubeba samadi, moshi wa kuni na majani ya kabichi. Kabichi hiyo huteremka kwenda kulisha mji. Harufu ya kuilima hubaki mlimani. Siku ya saba anajipaka asmini, na sisi tunasema imezidi. Imezidi kwa mizani ya nani? Nahofia ni mizani ya ofisi yenye kiyoyozi, ya mtu ambaye kila siku yake inasikika. Mara nyingi wanaoombwa wajipunguze ni wale ambao hata hivyo walikuwa na siku moja tu.

Hata hali ya hewa inaipinga mizani hiyo. Harufu husambaa kadiri mafuta yanavyovukizwa na joto. Tone linalopiga kelele Kariakoo saa saba mchana hunong'ona Mgeta asubuhi yenye ukungu. Kwa hiyo uzito wa manukato haukai ndani ya chupa peke yake. Unategemea ngozi, joto, nafasi, na nani amekaa karibu.

Haya hayampi mtu ruhusa ya kuwazamisha wenzake. Mwenye pumu hawezi kuambiwa avumilie kwa sababu leo ni Jumapili. Mama mdogo analijua hilo kuliko mimi. Kanisani hukaa mwisho wa benchi, karibu na dirisha lililo wazi, kwa sababu jirani yake wa miaka mingi kifua humbana. Asmini yake iko palepale. Alichosogeza ni mwili wake.

Lugha yetu ina jambo la kusema hapa. Kunuka ni kutoa harufu mbaya. Ongeza kiambishi kilekile kinachogeuza kupika kuwa kupikia, unapata kunukia. Anayepikia ana mtu anayempikia. Nami nalisoma kunukia hivyohivyo: ni kutoa harufu huku ukimkumbuka aliye pembeni yako. Anaweza kuwa wa kufurahishwa, anaweza kuwa wa kuachiwa dirisha. Chupa nyepesi inaweza kutusaidia katika hilo, lakini kumkumbuka mtu hakupimwi kwa asilimia, na mtu mwenye asmini kali anaweza kutushinda sote.