Hofu ya Moyo na Dawa Yake

Ndugu msomaji, mkulima wa Mugeta ahofiapo kukosekana kwa mvua, tezi zilizo juu ya mafigo yake humwaga katika damu homoni iitwayo kortisoli. Kwa muda mfupi humpa nguvu ya kukabili hatari. Lakini ikizidi kwa miezi, huondoa usingizi, hudhoofisha kumbukumbu, na yaweza kuchangia ugonjwa wa huzuni. Basi auguaye hivyo asidhaniwe kuwa amerogwa, wala kwamba imani yake ni haba. Kurani Tukufu (13:28) yafundisha kwamba utulivu wa mioyo umo katika kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. aliwahimiza wagonjwa watafute dawa. Tusimame usiku kuomba, na asubuhi twende kwa tabibu. Mwenyezi Mungu atujalie utulivu. Amin.