Mwenye Kuikosoa Nchi Yake Hajaitupa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama,

Kuna neno limezoeleka vijiweni, na sasa limepanda hata kwenye baraza za misikiti yetu: "Umetumwa." Mtu akihoji kwa nini nchi imetia saini mkataba fulani na taifa la nje, au kwa nini imenyamaza kule Umoja wa Mataifa, hoja yake haijibiwi. Anaambiwa katumwa na mabeberu, hana uzalendo. Ya ndani tumeanza kuvumiliana. Barabara mbovu na zahanati isiyo na dawa mtu anavisema, na jioni anakunywa kahawa na diwani wake. Ya nje ndiyo yanayotajwa kuwa mwiko, eti mbele ya wageni nyumba haitoi aibu zake.

Leo tulitie neno hilo katika mizani ya dini.

Kuna kauli inayopendwa sana majukwaani, kwamba kuipenda nchi ni sehemu ya imani, na husomwa kama hadithi ya Mtume. Wanazuoni wa hadithi hawakuikubali, na Imamu as-Saghani aliihesabu miongoni mwa zilizozuliwa. Sisemi hivyo ili kuishusha nchi. Mapenzi ya nchi yanayo dalili iliyo bora kuliko hiyo. Amepokea Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitoka Makka aliukabili mji ule akaueleza kuwa ndio ardhi aipendayo zaidi, na kwamba lau watu wake wasingemtoa, asingetoka. Na huyu ni yule yule aliyewakosoa wakuu wa mji huo kwa miaka 13, katika ibada zao, biashara zao na namna walivyowatesa wanyonge. Wao walimwita mgawa watu, mharibifu wa umoja wa Maquraishi. Kati yake na Abu Jahl, nani aliipenda Makka?

Abu Dawud naye amepokea kutoka kwa Wathila bin al-Asqa' kwamba alimuuliza Mtume nini maana ya asabiyya. Akajibiwa kuwa ni kuwasaidia watu wako katika dhuluma. Sisi wa Mara hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Tumezika watu kwa ugomvi wa koo na wizi wa ng'ombe. Kila mzee anakumbuka usiku vijana walipojikusanya kwenda kuchukua mifugo ya ukoo wa pili, na akatokea mmoja akasema msiende, jambo hili si haki na litarudi kutuua. Vijana walimwita mwoga na msaliti. Asubuhi maiti zilipoletwa, hakuna aliyerudia neno hilo. Kuhusu mtu kama huyo, Bukhari amepokea kutoka kwa Anas kwamba Mtume aliamuru tumsaidie ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa yeye ndiye dhalimu. Masahaba wakauliza, tutamsaidiaje akiwa dhalimu? Akawaambia kwamba kuizuia mikono yake ndiyo kumsaidia. Basi kama nchi ni ndugu, na ni zaidi ya ndugu, kuizuia isidhulumu wengine na isijidhulumu yenyewe ni msaada unaotokana na dini moja kwa moja.

Mtu atasema, hayo ni ya watu na koo zao. Mikataba na mataifa ni siri ya wakuu. Haya, twende Madina.

Mwaka wa 5 Hijria makabila yaliizingira Madina, na hali ikawa ngumu. Wapokezi wa sira wanaeleza kwamba Mtume alianza mazungumzo na wakuu wa Ghatafan, wapewe theluthi ya tende za Madina ili waondoe majeshi yao. Kabla ya kufunga jambo akawashauri Sa'd bin Mu'adh na Sa'd bin Ubada. Wale wazee wa Ansari hawakuitikia ndiyo na kuondoka. Waliuliza kwanza: hili ni amri ya Mungu, au ni jambo unalotufanyia kwa huruma tu? Walipojua kuwa ni rai yake kwa ajili yao, wakakataa. Walisema kwamba hata katika ujahili wao Ghatafan hawakupata tende zao ila kwa kununua au kwa kukaribishwa, seuze leo Mungu amewatukuza kwa Uislamu. Na mapatano yakaachwa. Ni mkataba na watu wa nje, vitani, adui yuko ng'ambo ya handaki, na raia wawili wanaupinga mbele ya kiongozi ambaye ni Mtume wa Mungu. Hakuna aliyesema wametumwa na Maquraishi.

Mwaka uliofuata, Hudaybiya, mambo yakaenda kinyume. Masharti ya mapatano na Maquraishi yalikuwa machungu. Waislamu warudi bila kufanya Umra, na atakayekimbia Makka kwa ajili ya imani arudishwe, ilhali atakayetoka Madina kwenda Makka harudishwi. Umar bin al-Khattab hakuvumilia. Alimwendea Mtume akamhoji: si tuko katika haki, na wao katika batili? Kwa nini basi tukubali unyonge katika dini yetu? Akatoka akaenda kwa Abu Bakr na maswali yale yale. Safari hii aliyekosoa ndiye aliyekosea. Iliposhuka Surat al-Fath, Mtume alimwita Umar na kumsomea, na Umar mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alifanya amali nyingi kufidia ukali wake wa siku ile. Sasa angalieni alivyotendewa. Hakufungwa, hakunyimwa ushauri wake siku za mbele, na alikuja kuwa Khalifa wa pili. Umar alikosea katika hoja, na bado hakuna aliyetilia shaka mapenzi yake kwa umma.

Na usaliti upo, tusidanganyane. Hatib bin Abi Balta'a aliwaandikia Maquraishi barua kuwajulisha kwamba jeshi la Waislamu linawajia. Barua ikakamatwa njiani. Kupeleka siri ya jeshi kwa adui ndio usaliti wenyewe. Lakini hata huyo aliyeshikwa na ushahidi aliulizwa kwanza ni kitu gani kilimsukuma, akasikilizwa, na Umar alipoomba ruhusa ya kumkata shingo, akakataliwa, kwa kuwa Hatib alipigana Badr. Kama aliyevujisha siri alipewa nafasi ya kujieleza, aliyesimama hadharani akasoma kifungu cha mkataba na kusema hiki kina kasoro tumfanye nini?

Nalisema hili nikiwa na mwaka 2023 akilini. Juni mwaka huo Bunge liliridhia makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari, na nchi ikawaka moto. Wapo waliokwenda Mahakama Kuu Mbeya kuyapinga, na Agosti wakashindwa. Siku hizo hizo Dkt. Wilbrod Slaa, wakili Boniface Mwabukusi na mwenzao mwanaharakati walikamatwa kwa tuhuma za uhaini. Polisi walidai kuna waliotishia kuiangusha serikali. Baadaye waliachiwa kwa dhamana. Oktoba 2023 ikasainiwa mikataba ya uendeshaji, ikiwa na ukomo wa miaka 30, wakati kukosekana kwa ukomo ulio wazi ndiko kulikokuwa moja ya malalamiko makubwa. Siwezi kusema ukosoaji peke yake ndio uliozaa hilo. Nasema uhaini ni neno zito, na halikustahili kuwa karibu na mjadala wa vifungu vya mkataba.

Lakini khutba isiyomgusa anayeisoma ni nusu khutba, kwa hiyo tujitazame. Wakati ule wapo Waislamu, na Mara hawakukosekana, waliotetea makubaliano yale kwa sababu tu Rais ni Mwislamu na mwekezaji ni Mwarabu. Kifungu hawakukisoma. Wapo na Wakristo waliopinga kwa sababu hizo hizo mbili, na kifungu hawakukisoma vilevile. Sisi tunaoishi nao nyumba moja, maana Mara ukoo mmoja una Hamisi na una Petro, tulilisikia hilo kwenye vikao vya familia. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Surat Al-Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa kuwachukia watu. Kumpendelea wako kunafungwa na aya ya kwanza, na kumwonea usiyempenda kunafungwa na ya pili. Hakuna mlango uliobaki wazi.

Tena hili halikuanza 2023. Ukiacha barabara kuu pale Makutano ukaelekea Butiama, unafika Mwitongo alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere. Hakuwa Mwislamu, na wapo kati yetu wenye malalamiko juu yake hadi leo. Mwaka 1993, akiwa ameshastaafu, aliipinga hadharani serikali ya chama chake mwenyewe kwa jambo la nje. Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, naye akasema Katiba haimruhusu mshirika mmoja wa Muungano kujiunga peke yake kana kwamba ni dola. Agosti mwaka huo Zanzibar ikajitoa. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kimechapwa Harare, na humo aliwakosoa viongozi waziwazi. Waislamu wengi waliumia kwa suala la OIC, na wana haki ya kuhoji hoja yake. Ila mtu anayemsifu Mwalimu kwa ujasiri ule, halafu akamwita msaliti kijana wa Nyasho anayehoji mkataba mwingine, hana mizani moja. Na Mwislamu aliyeona ukosoaji wa 1993 ni chuki, kisha akaona ukosoaji wake wa ubalozi wa Tel Aviv ni ibada, naye hana mizani moja.

Huo ubalozi tuuseme. Tanzania ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973, ikaurejesha 1995, na Mei 2018 ikafungua ubalozi Tel Aviv. Nchi hii hii ndiyo iliyowapa Wapalestina ofisi Dar es Salaam wakati wengi wakiwaogopa. Kuuliza tumefikaje huku ni haki ya raia yeyote. Lakini unapouliza, walilie pia vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kusomea kilimo wakauawa katika mashambulizi ya Oktoba 7, 2023. Na tuwalilie watu wa Sudan na wa mashariki ya Kongo kwa sauti ile ile. Machi 2, 2022 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 35 zilizojizuia kupiga kura katika Umoja wa Mataifa kuhusu Urusi kuivamia Ukraine. Sikusikia baraza lolote la msikiti likijadili hilo, ingawa bei ya mafuta ilitufikia mpaka Bunda.

Na kuna jambo gumu zaidi, nalo ni kukosoa jeshi lako likiwa limeshinda. Idi Amin wa Uganda alivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Alikuwa Mwislamu, na Gaddafi alimletea askari. Waislamu wa Tanzania wakapigana upande wa nchi yao kwa sababu dhalimu alikuwa Amin. Butiama ilimtoa David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20, na nyumba nyingi za mkoa huu zilitoa wana wao. Vita ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo, Februari 1979 mji wa Masaka ulipotekwa, majengo yake mengi yalibomolewa kulipiza ya Kagera, na Mwalimu alipopata habari aliagiza raia na mali zao wasiguswe tena. Miaka mingi imepita, na bado wapo wanaodhani kulitaja hilo ni kuwatukana mashujaa. Bukhari amepokea kwamba Khalid bin al-Walid alipowaua watu wa Banu Jadhima waliokwisha kusilimu, Mtume aliinua mikono akajitenga mbele ya Mungu na kitendo cha Khalid. Wanasira wanaongeza kuwa alimtuma Ali kuwalipa fidia, hadi chombo cha kunyweshea mbwa. Khalid akabaki kuwa Upanga wa Mungu, na kosa lake likabaki kosa.

Adabu ya kukosoa ni fupi kueleza, ngumu kuitenda. Soma kwanza: Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inataka habari ithibitishwe, na ujumbe uliosambazwa kwenye simu mara mia si uthibitisho. Ongea kwa upole, maana Musa na Harun waliagizwa kusema maneno laini hata kwa Firauni. Yanayohusu usalama na askari walioko kazini usiyatawanye. Surat An-Nisaa, aya ya 83, inayakabidhi kwa wenye mamlaka. Aya hiyo inazuia uvumi, wala haizuii nasaha, kwa kuwa hadithi ya Tamim ad-Dari katika Sahih Muslim imewataja viongozi waziwazi miongoni mwa wanaostahiki nasaha.

Masheikh wangu na maimamu wa Musoma, Bunda na Butiama, ombi langu ni moja. Kila msikiti una kijana mmoja ambaye tumeshampa jina la mbishi kwa sababu anauliza kuhusu mikataba, balozi na kura za nchi. Ijumaa hii baada ya swala msimpite. Mkalisheni karibu, mwambieni alete dalili yake, mumsikilize mpaka mwisho. Akikosea mrekebisheni, na akipatia msaidieni barua yake ifike kwa mbunge.