Analinda Mbuzi Zake

Septemba iliyopita nilipanda Land Cruiser ya abiria pale Lodwar kwenda Lokiriama, kwenye kumbukumbu ya mkataba wa amani. Tulikuwa tumepangwa kama kuni. Kijana mmoja aliyevaa sare ya jeshi yenye madoadoa akaja mwisho, na hata kabla hajafungua mdomo kiti cha mbele kikawa chake. Mama aliyekikalia alihamishiwa nyuma na mtoto wake mgongoni. Makanga alipofika kukusanya nauli akainua mkono: "Afande, wewe kaa tu."

Juu ya magunia ya unga alikaa mzee wa rika la baba yangu, askari wa akiba, au KPR kama bado tunavyowaita huku ingawa jina rasmi lilishabadilika. Amefanya kazi hiyo miaka zaidi ya ishirini. Mguu wake mmoja haukunjiki kwa sababu ya risasi aliyoipata akifuata mifugo iliyoibwa. Aliomba apunguziwe shilingi mia. Makanga alicheka akamwambia, "Mzee, hata haya magunia yamelipiwa."

Nilinung'unika kwa niaba ya mzee hadi Lorugum. Rafiki yangu mwalimu, tuliyekaa goti kwa goti, alinisikiliza kwa subira, kisha akanijibu kwa maneno ambayo yameniharibia usingizi tangu siku hiyo: "Ndugu yangu, huyo si mwanajeshi. Huyo analinda mbuzi zake."

Heshima ni nini, shukrani ni nini, kamusi zimeshasema na sina ugomvi nazo. Tuseme heshima ni kumpa mtu nafasi anayostahili, tusonge. Nakubali pia kwamba vijana wengi wanaojiunga na jeshi ni watoto wa maskini ambao hawakuomba kiti cha mtu yeyote. Nakubali kwamba sare inarahisisha mambo, kwa kuwa makanga hawezi kukagua makovu ya kila abiria.

Lakini hilo la mbuzi sikubali, na nitalikalia.

Hoja ya mwalimu ina umri mkubwa kuliko bunduki. Plato, katika Jamhuri, aliwafananisha walinzi wa mji na mbwa wa ukoo mzuri, wapole kwa wa nyumbani na wakali kwa wageni. Kisha akawakataza kumiliki nyumba, ardhi na dhahabu, akihofia kwamba mlinzi mwenye shamba lake atageuka mkulima, na mwishowe adui wa wale aliokabidhiwa. Kwa maneno mengine, mlinzi bora ni yule asiye na mbuzi. Mwalimu wangu hajasoma Plato, lakini amefika palepale kwa njia ya Lorugum: anayelinda chake hadai shukrani ya mtu, sawa na mtu anayekula chakula chake mwenyewe.

Basi tumtafute huyo asiye na mbuzi. Je, ni mwanajeshi? Ana mshahara, ana pensheni, ana siku yake, tarehe 14 Oktoba, ya kukumbuka majeshi yetu yalivyoingia Somalia mwaka 2011. Simwonei kijicho. Nasema tu kwamba mshahara ni mbuzi anayezaa kila mwisho wa mwezi. KPR kwa miongo mingi alipewa bunduki na risasi chache za kuhesabiwa, bila mshahara. Ikiwa kujitolea ndiko kunakozaa heshima, sielewi ni kwa hesabu gani asiyelipwa anakuwa nyuma ya anayelipwa.

Tena, mbuzi gani hao "zake"? Aliyeishi hapa anajua kwamba zizi la Mturkana halina mwenye mmoja. Huyu ameahidiwa kwa mahari ya binti wa fulani, yule ni wa rafiki wa mbali aliyewekezwa hapa wakati wa ukame, yule pale ni deni. Zizi likivamiwa alfajiri, familia tano zinalala njaa. Anayesimama mlangoni mwa zizi amesimama mlangoni mwa kijiji kizima, na wavamizi hawaulizi alama ya sikio kabla ya kufyatua.

Na nani alimweka pale? Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, askari wa kambi ya Moroto, Uganda, walikimbia na ghala la silaha likabaki wazi. Wafugaji wa Karamoja walijichukulia. Tangu hapo mpaka huu ulijaa bunduki, na serikali ya Kenya, isiyoweza kufika kila kisima, ikawapa silaha wenye visima. Mwaka 2019 ikazirudisha kwa wingi kutoka mikononi mwa askari wa akiba wa kaskazini mwa Bonde la Ufa. Miongoni mwa sababu ni kwamba baadhi yao walizitumia kwenye wizi wenyewe, na hapo, lazima niseme, Plato anacheka kaburini. Februari 2023 jeshi likaletwa kuwasaidia polisi katika kaunti sita, Turkana ikiwemo. Waswahili husema akiba haiozi. Mimi nimewaona wakioza, mmoja mmoja, mguu ukianza.

Hapa naomba ruhusa nipotee kidogo, kwa sababu maneno hunipendeza kuliko hoja. "Afande" ni efendi ya Waturuki, jina la bwana aliyesoma, karani au ofisa. Lilipita Misri na Sudan, likafika huku na askari wa Kisudani ambao Waingereza waliwatumia kuanzisha majeshi yao mwishoni mwa karne ya 19. Neno la karani likavaa buti. "Askari" nalo, la Kiarabu, tumelivuta hadi likamfunika polisi, bawabu wa benki na mlinzi wa duka la simu. Dar es Salaam ilimsimamishia askari sanamu ya shaba mwaka 1927. Wapagazi wake wa Vita ya Kwanza ya Dunia, waliobeba unga wake na risasi zake wakafa kwa maelfu, waliachiwa jina la soko: Kariakoo. Tangu zamani, basi, tuna shaba kwa mwenye bunduki na kelele za wachuuzi kwa mwenye mzigo. KPR hata "afande" haitwi. Anaitwa mzee.

Nashuku kwamba kile kiti cha mbele hakikutolewa kwa heshima hata kidogo. Kilitolewa kwa hofu iliyovaa tabasamu. Watu wa mpaka huu wanajua sare kutoka pande mbili. Aprili 2023 mahakama ya kijeshi ya Moroto iliwahukumu wafugaji 32 wa Kiturkana miaka 20 kila mmoja kwa kupatikana na silaha. Haikufika miaka miwili Mahakama ya Juu ya Uganda ikasema mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Na huko Kakuma, kambini, wapo waliokuja tangu 1992 wakiwakimbia wanaume wenye sare. Mtu kama huyo akimwona mwanajeshi hampishi kiti. Anashuka garini.

Tulifika Lokiriama. Desemba 1973, hapahapa, wazee wa Turkana na wa Matheniko kutoka ng'ambo ya mpaka walikutana, wakafukia silaha na kuapa. Angalia ni kina nani waliofukia: watu wenye mifugo. Kila mmoja wao alikuwa analinda mbuzi zake, na kwa sababu hiyo alijua bei ya vita kwa kichwa, bila karatasi. Nilimgeukia mwalimu nikidhani nimeshinda.

Mwalimu akamwita yule kijana, akamuuliza kwao ni wapi. "Kitui, mwalimu." Alikuwa na miezi mitatu huku, na neno moja tu la Kiturkana, ejok. "Sasa huyu," mwalimu akaniambia, "akipigwa risasi kesho kwenye milima ya Loima, atakuwa amekufa kwa ajili ya mbuzi za nani?"

Waturkana wana neno emoit, ambalo ni adui na pia ni mtu wa nje. Kijana wa Kitui, kwa lugha ya zizi, ni emoit, na bado atakufa mlangoni mwa zizi. Hapo mwalimu alinishika, na sijachomoka. Ninachoweza kuongeza ni kwamba hata yeye tunamlipa kwa vitu vya bei rahisi. Wakenya waliouawa kambini El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, serikali haijawahi kututangazia idadi yao kamili. Kiti cha mbele hakitugharimu kitu; kuhesabu wafu kungetugharimu.

Jioni tulirudi kwa gari lilelile. Kijana alibaki. Mzee alipotoa pesa zake, mwalimu alimzuia mkono akamlipia nauli nzima. Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba ni kwa sababu ya mguu, si kwa sababu ya bunduki.