Upana wa janti na mapenzi ya Mungu

Kila tunapomzika mtu aliyefia barabarani kati ya Baraka na Fizi, huku mashariki ya Kongo, husimama mtu akasema kazi ya Mungu haina makosa. Mimi ni shemasi kanisani, na mkate wangu naupata kwa kazi ya kwado: naziba pine, nafungua pine, natafutia pine janti yake, yaani rimu. Kauli ile naiamini. Ninachouliza ni mahali inapoishia. Kazi ya Mungu haina makosa. Na yetu je?

Pine ya kamio (ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kule Kigoma, wangesema tairi la lori) haisimami bila janti, na kila janti ina upana wake. Pine ya 7.50R16, inayovaliwa na Land Cruiser nyingi za huku, hukaa kwenye janti ya inchi 5.5 au 6, hata 6.5. Ya 235/85R16 hutaka kuanzia 6 hadi 7.5. Ile kubwa ya 12.00R20 kipimo chake ni 8.5, na kikipungua au kuzidi nusu inchi bado inakubali. Kipimo huchukuliwa ndani, ukuta kwa ukuta, pale kingo za pine zinapoegemea. Anayepima kwa nje, mdomo kwa mdomo, hujiongezea karibu inchi nzima, akarudi kutoka Uvira na janti nyembamba akidhani amepata pana.

Siku hizi wenye magari wanapenda upana. Gari likivaa janti pana linaonekana limepanua miguu, limejaa nguvu. Lakini janti ikizidi, mbavu za pine zinavutwa nje, na mawe ya mpando wa Fizi yanazikuta wazi. Hata mdomo wa janti haubaki na kitu cha kuukinga. Masika yakifika, shofere akanaswa kwenye udongo mwekundu, hupunguza hewa ili pine itandae na kushika. Ni mbinu nzuri, ninaifundisha. Ila pine iliyovutwa hivyo, hewa ikipungua, kingo zake huachia janti upesi, mara nyingi kwenye kona, gari likiwa limeelemea upande mmoja. Janti ikiwa nyembamba mno, ubaya ni mwingine: ubavu unavimba, uso wa pine unapanda katikati na kulika hapo, na chini ya mzigo ubavu hukunjwa na kukunjuliwa hadi upate moto.

Na juu ya mzigo kuna watu. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira, inapita Makobola, Swima, Mboko na Lusenda hadi kwetu Baraka, kisha inaliacha ziwa na kupanda Fizi. Wengi huisafiri wakiwa wamekaa juu ya magunia ya muhogo na madumu ya mawese. Mama anayepeleka ndakala (dagaa) sokoni hakuulizwa kuhusu janti. Aliyeichagua mara nyingi hata hayumo garini. Hapo ndipo swali langu linaponiuma: mmoja ameamua, mwingine amekufa, na sisi makaburini tunamtaja wa tatu.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ina sheria fupi ambayo siisikii ikihubiriwa. Ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Zamani zile watu walikaa juu ya paa kama chumba kingine cha nyumba. Musa angeweza kusema kwamba anayeanguka siku zake zimetimia. Hakusema hivyo. Damu aliiweka kwa mwenye nyumba, kabla hajaanguka mtu yeyote. Na katika Luka 13 Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Anakataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Lakini wala hasemi kwamba Baba yake ndiye aliyeusukuma ule mnara.

Jirani yangu, mzee wa msikitini, hakubaliani nami. Aliniambia, "Baba Shemasi, hakuna jani linaloanguka Mungu asijue. Ukiondoa hilo unabaki na hesabu za inchi tu." Nikamjibu, "Mzee wangu, Mungu kujua hakumfanyi mwenye gari asijue." Akatafakari, kisha akaniuliza jambo zito zaidi: "Na mjane? Utamwendea matangani umwambie ni janti?"

Hapana, sitamwambia. Swali lake lilinisaidia kuona kwamba kauli ileile hubadilika kwa kinywa kinachoisema. Mjane akisema ni mapenzi ya Mungu, anajishikilia asizame, na sina haki ya kumfumbua mikono. Mwenye gari akiisema, anafunga mlango ili asiulizwe. Huyo analitaja bure jina la Bwana, na amri ya kukataza hilo haikuandikwa kwa ajili ya matusi ya sokoni peke yake.

Najua pia ugumu wa huku. Janti inayofaa mara nyingine haipo Baraka yote, vita vimefunga njia, na mawese yakikaa sana mnunuzi anaondoka. Maskini hachagui kutoka kwenye rafu iliyojaa. Hata hivyo aliyekosa janti ana mengi mkononi mwake: apunguze magunia, ajaze hewa inayolingana na uzito, ateremke Fizi polepole, na awaambie waliopanda hali ya gari ili mwenye kuogopa ashuke mapema. Umaskini haumnyimi mtu ulimi.

Wachungaji wetu huitwa kuombea kamio mpya, na ni desturi njema. Ninawaomba wainame kwanza, wasome namba ya ubavuni mwa pine na ile iliyogongwa kwenye janti, wamuulize mwenye gari mbele ya watu kama zinapatana. Zisipopatana, maombi yasubiri hadi pine ifunguliwe.