Jembe la mgeni, chungu cha mwenyeji

Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini je, mwenye kukimbia vita, jembe hilo atalimia wapi?

Tangu mapigano yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi wa 3 mwaka 1993, yakaenea Masisi, jamaa nyingi zimelala kwa jamaa zingine, si katika kambi tu. Watu wanaongezeka ndani ya nyumba. Shamba ni lilelile, chungu ni kilekile.

Mwenye kuja kutembelea anauliza: “Wakimbizi wako wapi?” Anawapa chumvi na sabuni, na mama mwenye nyumba anabaki kuangalia tu. Yeye pia ana njaa, lakini heshima inamkataza kuomba mbele ya wageni wake.

Basi, tuanze na huyo mama. Tuketi, tuulize habari za shamba, tupokee hata maji ya kunywa. Tulichobeba tumpe yeye, agawe. Mwingine atasema: akijipendelea je? Agawe mbele ya wote. Maana mwenyeji akisahauliwa, siku moja atafunga mlango, na haitakuwa roho mbaya. Itakuwa chungu kitupu.