Cheti cha Mwaka 2019

Mtoto wa mjomba wangu anayeishi Leicester, Uingereza, aliinunua Honda CX500 ya mwaka 1979 kwa kuiamini karatasi. Muuzaji alimwonyesha cheti cha MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka ambao sheria ya kule inaulazimisha kwa chombo cha moto kikishafikisha miaka mitatu. Cheti kilisema pikipiki imefaulu, na hakuna aliyemdanganya: siku ilipokaguliwa breki zilishika, taa ziliwaka, honi ililia. Pamoja na hayo, kabla kiangazi hakijaisha, pikipiki ile ilikuwa imemvunja mtulinga.

Niitendee haki kwanza pikipiki yenyewe, maana jina lake zuri si la kubahatisha. CX500 iliingia sokoni mwaka 1978 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 497, silinda zake mbili zikichomoza kushoto na kulia, ikipozwa kwa maji. Nguvu yake haikupelekwa nyuma kwa cheni bali kwa shafti, na rimu zake zilivaa tairi zisizotumia tyubu wakati pikipiki nyingi za rika lake bado zilikuwa na spoku. Watu waliokuwa wakipeleka barua na vifurushi mjini London miaka ya 1980 walizipenda sana. Walizipanda kutwa, mvua isinyeshe au inyeshe, na zikawavumilia kwa maili nyingi mno.

Lakini zile zilikuwa pikipiki za kazi. Kila siku ziliwashwa, zikapata moto, zikabadilishwa oili, na chochote kilichoanza kuharibika kilisikika mapema kwa sababu mpandaji alishaizoea sauti ya mashine yake. Pikipiki aliyoinunua ndugu yangu ilikuwa na maisha mengine kabisa. Ilikuwa imefunikwa turubai katika banda la bustani, ikitolewa siku chache za jua, kisha inarudishwa. Watu huona maili chache kwenye saa wakafurahi. Mimi nikiona maili chache kwenye mashine yenye zaidi ya miaka arobaini huingiwa na wasiwasi. Petroli iliyokaa hugeuka gundi ndani ya kabureta, unyevu hula tangi kwa ndani, sili za breki hukauka na pistoni zake zikagoma kurudi. Mashine huchakaa kwa kutembea, na kwa kulala pia huchakaa, ila ya kulala haionekani.

Safari ya kwanza ya mbali aliyopanga ilikuwa kwenda Llangollen, kaskazini mwa Wales, akapande mlima hadi Horseshoe Pass, mahali ambapo waendesha pikipiki wa kule hupenda kukutana. Alifika karibu. Alisimama kujaza mafuta, akalipa, akabonyeza swichi ya kuwashia. Injini ikazunguka vizuri, lakini haikuwaka. CX500 haina kiki, kwa hiyo hakuwa na njia nyingine ila kungoja. Baada ya kitambo, injini ilipopoa, ikawaka kana kwamba haikuwa na tatizo. Akaenda maili kadhaa, ikazima tena katikati ya mwinuko.

Aliporudi akanunua betri mpya. Tatizo likabaki. Akanunua plagi, kisha akaipeleka kabureta kusafishwa. Pesa zikatoka, na pikipiki ikaendelea kuwaka asubuhi na kugoma mchana. Yeye hakuwa na shaka na injini, kwa kuwa cheti kilisema imefaulu.

Kisha ikaja siku ya mvua. Alikuwa akiingia kwenye kipilefti kwa mwendo wa kawaida kabisa, tairi la nyuma likateleza kama limekanyaga sabuni. Akaanguka kwa bega. Namshukuru Mungu kwamba gari lililokuwa nyuma yake liliwahi kusimama.

Aliyemfumbua macho ni fundi mmoja mzee mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Mwanza. Leicester imejaa familia za namna hiyo, zilizohama kutoka Uganda, Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, na wazee wengi miongoni mwao bado wanakisema Kiswahili. Ndugu yangu alimpelekea pikipiki, mkono ukiwa bado umefungwa shingoni, na cheti mfukoni.

“Karatasi hii inasema nini, kijana?”

“Inasema pikipiki ni nzima, mzee.”

“Haisemi hivyo. Inasema siku ile breki zilikamata. Soma na tarehe.”

Tarehe ilikuwa ya mwaka 2019, na pikipiki ilinunuliwa mwaka 2023.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Tangu tarehe 20 Mei 2018, chombo kilichotimiza zaidi ya miaka 40 tangu kisajiliwe, na ambacho hakijafanyiwa mageuzi makubwa, hakilazimiki tena kukaguliwa. Pikipiki ya 1979 iliufikia msamaha huo mwaka 2019. Ilifanyiwa ukaguzi wake wa mwisho, ikafaulu, na tangu hapo hakuna jicho la mkaguzi lililoiangalia. Rekodi yake ikaishia kwenye neno zuri. Si kwamba haikupata kasoro baada ya hapo. Ni kwamba hapakuwa na mtu wa kuziandika.

Mzee akaingiza namba ya usajili kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, ambako mtu yeyote anaweza kusoma bure matokeo ya ukaguzi wa miaka iliyopita. Chini ya neno “imefaulu”, mwaka baada ya mwaka, palikuwa na onyo lile lile: mpira wa breki ya mbele umeanza kupasuka. Mkaguzi huandika onyo la namna hiyo pale kasoro inapokuwa haijafikia kiwango cha kumfelisha mtu, lakini inaelekea huko. Anayeliona mara moja anaweza kusema ni jambo dogo. Anayeliona likijirudia anajifunza zaidi kuhusu mwenye pikipiki kuliko kuhusu mpira: huyu hakuwahi kurekebisha. Na kama hakugusa kilichoandikwa, hakugusa kisichoandikwa.

Kuhusu tairi, mzee alipiga magoti akamwonyesha tarakimu nne ubavuni: 1204, yaani limetengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2004. Halikuwa kipara. Kanuni ya MOT kwa pikipiki za ukubwa ule inataka mifereji yenye kina cha angalau milimita 1 katika robo tatu ya upana wa tairi, na lile lilikuwa na zaidi ya hapo kwa sababu halikutembea. Lakini mpira wake ulikuwa umekakamaa kwa uzee, na mpira uliokakamaa haushiki lami yenye maji. Mkaguzi alipima kina kwa haki. Umri wa tairi haukuwa sababu ya kumfelisha.

Injini je? Ukaguzi wa MOT hauhusu hali ya injini, klachi wala giaboksi. Mkaguzi huangalia vitu vinavyoweza kuua mara moja: usukani, shokapu, magurudumu, breki, taa, fremu, ekzosi. Jambo hili limeandikwa wazi, lakini mwenye hamu ya kununua halisomi. Na CX500 za mwanzo zina ugonjwa unaojulikana na kila aliyeishi nazo. Mfumo wake wa cheche hautegemei betri. Unalishwa na koili ndogo zilizomo ndani ya jenereta, nyuma ya injini, zinakorushiwa oili ya moto. Gamba la waya likizeeka, koili hufanya kazi zikiwa baridi na kufa zikipata joto. Ndiyo maana pikipiki iliwaka asubuhi na kugoma petroli ikishalipiwa. Betri na plagi alizonunua ndugu yangu hazikuwa na kosa hata kidogo. Mzee alizipima koili kwa mita, baridi na moto, akamwambia kinachofuata: kuzifikia ni lazima injini nzima itolewe kwenye fremu.

Injini ikishatoka, mtu mwenye akili hubadilisha pia cheni ya kamshafti na kikazio chake, kwa kuwa viko huko huko nyuma. Kikazio cha toleo la kwanza kilikuwa dhaifu kiasi kwamba Honda yenyewe iliziita pikipiki zirudi kurekebishwa, na injini zilizorekebishwa zikagongwa nukta tatu karibu na namba ya injini. Muuzaji anayeijua CX500 atakuonyesha nukta hizo kabla hujauliza.

Gharama ya kazi ile ilikaribia bei ya pikipiki. Ndugu yangu alilipa, na simlaumu, kwa sababu sasa anayo mashine inayomfikisha anakokwenda. Ila kuna jambo moja alilobadilisha ambalo ningependa kila mwenye pikipiki ya zamani alichukue. Kila mwaka anaipeleka kukaguliwa kwa hiari, ingawa sheria haimdai. Ada ya juu kabisa ya MOT kwa pikipiki ya kawaida ni pauni 29.65. Msamaha wa ukaguzi, kwa maoni yangu, umewapumzisha wamiliki wasiostahili kupumzishwa, na tena haumwondolei mtu jukumu: akikutwa barabarani na chombo cha hatari anaweza kutozwa faini hadi pauni 2,500 na kupata alama tatu kwenye leseni, chombo kiwe cha zamani au kipya.

Wewe unayeitamani pikipiki kama ile, omba namba ya usajili kabla ya kupanga nauli. Soma maonyo yote ya nyuma, uyaone yanayojirudia, na utazame maili zilizoongezeka kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Angalia mwaka wa tairi ubavuni. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha iguse injini kwa mkono uone kama kweli ni baridi. Iendeshe hadi ipate moto sawasawa, izime, ungoje dakika kumi, uiwashe tena mbele yake. Ikigoma, mshukuru kwa muda wake na urudi nyumbani na pesa zako.